Vyuma Thelathini na Viwili

Bujumbura, 10 Februari 2003

Kwa Papa Casimir Wilondja, fundi wa chuma, Baraka

Salamu, Papa. Mimi ndiye yule mhandisi, ingénieur ambaye Abbé Eugène alikwambia habari zake, niliyepewa kazi ya kuhesabu daraja lenu jipya la miguu juu ya mto Mutambala. Karatasi yako ya vipimo imenifikia kwa mkono wa Mama Georgette, muuza dagaa. Inanuka ndagala zake, lakini inasomeka. Asante.

Nikuambie tulipo. Vipimo vyako nimeviingiza katika ordinateur, kompyuta ya ofisini. Ndani yake kuna programu inayochukua kila chuma cha daraja, kimoja kimoja, inakitwika mzigo, halafu inafungua kitabu cha kanuni za ujenzi na kuuliza: hiki kitaweza? Inajibu kwa namba. Namba ikiwa chini ya moja, chuma kimepita, kinapakwa kijani. Ikizidi moja, kimekataliwa, kinapakwa nyekundu. Daraja lako limenirudia jekundu kuanzia ukingo huu hadi ule. Vyuma kumi na vinne vimekataliwa. Kile cha juu katikati kimepata 2.31, maana yake kinabebeshwa zaidi ya mara mbili ya nguvu zake.

Na Abbé, padri mwenye mradi, ameshasema: bila plani ya kijani yenye muhuri, hatoi mfuko hata mmoja wa saruji.

Basi nina maswali. Kwanza, unene wa vyuma umeandika milimita sita. Ni sita kweli, au umepima na kutu yake? Pili, umeandika kwamba una vyuma vikubwa vya pembe thelathini na viwili tu, vya mita tatu tatu. Paa zima la kiwanda cha pamba limevunjwa, likatoa vyuma thelathini na viwili? Tatu, nani atapita hapo? Watu wangapi kwa mara moja, baiskeli ngapi, ng'ombe wangapi?

Jibu mapema, mvua kubwa iko karibu.

Wako katika kazi,
Ingénieur Nadège U.


Baraka, 18 Februari 2003

Kwa Ingénieur Nadège U.

Salamu mingi. Mi niko muzima, bibi yangu wa ndoa Rosette iko muzima, mayi ya Mutambala imesha kuanza kupanda.

Barua yako niliisoma mara tatu. Ya kwanza nilicheka, ya pili nilikasirika, ya tatu nilitoka inje nikatembea mpaka sokoni na sikununua kitu. We unaniuliza mi kama nilipima kutu? Mi niliyefanya kazi ya chuma katika kile kiwanda cha pamba miaka kumi na tisa, wakati we ulikuwa bado unanyonya? Nilipiga burashi mpaka chuma ikangara, ndipo nikapima. Ni milimita sita. Na chuma kubwa ni makumi tatu na mbili. Nimezishika kwa mukono, nimeziandika na chaki kuanzia moja mpaka makumi tatu na mbili. Kama ordinateur yako inapenda namba ingine, iende kiwandani yenyewe ikatafute.

Sasa na mi niko na maulizo. Ya kwanza, hiyo mashine iliona Mutambala wapi? Ya pili ni ng'ombe. Mama, nani alikutajia ng'ombe? Mi niliandika bamama na mihogo yao, batoto ba masomo, baiskeli, bagonjwa bakibebwa kwa machela ya tipoyi. Huku Baraka ng'ombe ziliishia kwa sufuria za basoda, benye bunduki, tangu vita ya kwanza, ile ya 1996. Benye ng'ombe tunabajua. Bako kule juu milimani, na kila kiangazi banatafuta njia ya kushukia kwa mashamba yetu. Basi we unapouliza daraja letu litabeba ng'ombe ngapi, na mi ninajiuliza ni daraja la nani unachora.

Ya tatu, hiyo U ni nini? Mutu anaandika jina lake yote ama anaacha.

Nikuambie neno moja ili tusipotezeane saa. Daraja la miti lililokuwa pale nilijenga mi. Mwezi wa kumi na moja likavunjika na batu bane juu yake, bote bakaenda na mayi. Moja wao ni Pulchérie, mutoto wa dada yangu, alikuwa na kitunga cha mihogo kwa kichwa. Tangu siku ile hakuna mutu anakanyaga kitu nilichojenga, ata ngazi ya kupandia kanisani. Banasema: Casimir akijenga tena, tuone kwanza karatasi ya ingénieur. Ndiyo maana ninakuvumilia.

Casimir Wilondja, jina yote


Bujumbura, 1 Machi 2003

Papa Casimir,

Jina langu la pili halina milimita, halibadilishi hesabu. Tuendelee na kazi.

Siku tisa nimekaa na hii programu. Umeme ukija nakimbilia ofisini, ukikatika nashika njia ya nyumbani. Nilijishuku kwanza mimi mwenyewe, usidhani nakutafuta wewe tu. Na kweli nilikuta makosa yangu mawili, nayasema bila kuona haya. La kwanza, programu inajua yenyewe uzito wa chuma, na mimi nikauandika tena kwa mkono, kwa hiyo daraja lilikuwa linajibeba mara mbili. La pili, chuma kirefu kikisukumwa kutoka ncha zote mbili kinapinda katikati, kama fimbo nyembamba ukiiegemea. Programu ilidhani vyuma vyako vya juu vimeachwa huru kuanzia mwanzo wa daraja hadi mwisho, mita kumi na nane nzima, kumbe vimefungwa kila baada ya mita tatu. Nilipoieleza hivyo, ile 2.31 ikashuka hadi 1.84.

Hapo ikagoma. Nimekagua kila kiungo, kila bolti, kila kipimo kama kimeandikwa kwa milimita au kwa sentimita. 1.84. Nimefuta kila kitu nikaanza upya kama mtu aliyepewa kazi leo asubuhi. 1.84. Kosa haliko kwenye programu, Papa. Liko kwenye namba ulizonipa.

Halafu jana Abbé Eugène alinionyesha picha ya zamani ya kile kiwanda cha pamba, Wazungu wanne wenye kofia wamesimama mlangoni. Paa linaonekana vizuri juu yao. Kila chuma ni viwili, vimefungwa mgongo kwa mgongo. Viwili, Papa, si kimoja! Nikiweka viwili, daraja linapita. Basi thelathini na viwili vingine viko wapi? Nasikia huko Kazimia vyuma na mabati vinanunuliwa kila wiki na kuvushwa ng'ambo ya ziwa. Sisemi ni wewe. Nasema mashine inaona kitu kimepungua, na mimi pia naona.

Kuhusu ng'ombe, usinitafutie maneno. Ng'ombe mmoja ni kilo mia tatu juu ya kwato nne. Daraja likishakuwepo, ng'ombe haombi ruhusa. Nisipomhesabu leo atapita tu bila hesabu, na atakayelaumiwa ni mimi.

Nipe jibu la maana kabla ya katikati ya mwezi. La sivyo namwambia Abbé asimamishe kazi.

Ing. Nadège U.


Baraka, 11 Machi 2003

Kwa Ingénieur Nadège Uwamwiza, binti wa Ntagwabira wa Minembwe

Umeona? Jina lako lilifika Baraka bila we kuliandika. Georgette aliuliza kidogo tu hapo Bujumbura, akaambiwa yote: Minembwe, kule juu milimani, baba mwenye ng'ombe mingi, masomo ya bure kwa Baprotestanti. Ungeliniambia mwanzo ningelikasirika siku moja, nikanywa mayi, ikaisha. Sasa ulificha, na mi nimekaa ninasoma barua zako zote upya, ninatafuta ulificha nini ingine.

Picha yako haidanganyi. Chuma zilikuwa mbili mbili. Mwaka wa 1996 basoda baliingia kiwandani na malori, bakataka chuma. Mi ndiye fundi, bakanipa moto wa kukatia kwa mukono na bunduki kwa mugongo, nikakata upande moja wa kila chuma, ule wa inje, siku tatu mufululizo. Zilienda wapi, uliza benye malori. Zikabaki makumi tatu na mbili. Siongezi, sipunguzi. Ya Kazimia uliyoandika, kama ungelikuwa mwanaume na uko hapa mbele yangu, tungeliongea vingine.

Na ujue kitu kimoja. Barua yangu ya kwanza ilifunguliwa kwa barrière, pale basoda banafunga njia, kama zote. Nilikuwa nimemusindikiza Georgette; basoda balisoma ile namba, bakaniangalia, bakacheka sana. We haujui kwa nini balicheka juu ya kuwa haukai huku.

Sasa nikuambie ninachofikiri, na kama ni uongo Mungu anisamehe. Mashine haikatai kitu. Ni we unakataa. Daraja lisilopitisha ng'ombe zenu hautaki lisimame, na unajificha nyuma ya rangi nyekundu. Hiyo 1.84 nani aliiona? We peke yako.

Simamisha kazi, kama moyo wako unakubali. Ila uje uambie bamama we mwenyewe. Leo asubuhi niliwaona mutoni, bameshika kamba, mayi iko kwa kifua, mihogo juu ya kichwa. Banapita mbele yangu hakuna mwenye ananisalimia.

Casimir Wilondja


Uvira, 19 Machi 2003

Wee Nadège mutoto yangu,

Ni mi Georgette wa ndagala ninakuandikia. Papa Casimir hakunituma, na akijua atanivunja kichwa. Hizi barua zenu nimechoka kuzibeba! Nikimupa yeye yako anatupa kofia chini. Nikikupa we yake unauma midomo. Mi niko katikati kama mutu anabeba makaa bila kitambaa.

Sikiliza, nikufunulie kitu. We uliondoka mapema, ukakaa Bujumbura na masomo yako. Huku kwetu hakuna mutu anaandika namba ya kweli kwa barua. Hakuna! Tangu vita ya kwanza. Uliandika niko na magunia kumi ya mihogo, kesho yake basoda bako kwa mulango, banaomba magunia kumi. Basi tukajifunza kuandika nusu. Magunia kumi inakuwa tano. Mbuzi sita inakuwa tatu. Na mwenye kupokea anajua, anafanya mara mbili kwa kichwa yake, anafurahi. Mi mwenyewe nilimuandikia bwana yangu kule kambini Tanzania kama tuko na batoto babili. Tuko na bane! Alikuwa amesahau ile desturi, maskini, akalia juma zima akifikiri babili bamekufa, mpaka mutu wa kwetu akamueleza.

Sasa Papa Casimir naye ni mutu wa Baraka kama siye. Aliandika makumi tatu na mbili? We fanya mara mbili, basi. Usimuulize, usimuhaibishe. Kwa kinywa atakataa mpaka kufa, juu ule mutu iko na kiburi na tena hakuamini we. Fanya mara mbili, piga muhuri, tumalize hii palabre, haya mabishano. Mvua inanyesha kila siku, na mayi haitungojee siye kupatana.

Mi mama yako Georgette


Bujumbura, 24 Machi 2003

Papa Casimir,

Nimeelewa. Sitauliza tena, na wewe huna haja ya kueleza. Kuna mambo mtu wa mbali hayajui, na mimi nilikuwa mjinga wa hayo mambo. Tuishie hapo.

Nimeingiza vyuma sitini na vinne, viwili viwili mgongo kwa mgongo, kama vilivyo. Nikabonyeza, nikashika kichwa, nikangoja. Papa, kijani kitupu! Hakuna chuma hata kimoja kilichokataliwa. Kile cha juu katikati, kichwa kigumu chetu, kimepata 0.86. Niliwaita wenzangu waje waone.

Plani naituma pamoja na barua hii. Ina muhuri wa mradi na sahihi ya Abbé, na kila kitu kimeandikwa kwa herufi kubwa ili mtu yeyote aweze kusoma: urefu mita kumi na nane, vyuma vikubwa sitini na vinne. Saruji itapakiwa kwenye boti wiki ijayo. Waonyeshe watu wako. Sasa watakuamini.

Yale ya Kazimia nisamehe. Niliandika kwa hasira.

Nadège Uwamwiza


Uvira, 8 Aprili 2003

Nadège,

Tumefanya kitu mubaya. Mi na we.

Plani yako ilifunguliwa kwa barrière. Kulikuwa na musoda moja mwenye alisoma shule, akasoma mbele ya benzake kwa sauti: chuma makumi sita na ine. Na muhuri! Bakanirudishia, bakaniambia kwenda. Mi nikafikiri imeisha, nikaenda mbio kwa Papa Casimir na furaha, na nyuma yangu batu bakakusanyika, juu neno lilitangulia kama karatasi ya kijani imekuja. Bamama balipiga vigelegele. Balimubeba mabegani, Nadège, yeye mwenye hakuna mutu alikuwa anamusalimia.

Akafungua plani. Nilimuona akisoma, akasoma tena, akakunja. Akasema mbele ya bote: hili haliko daraja langu. Mi sina chuma makumi sita na ine. Niko na makumi tatu na mbili, siwezi kujenga hili.

Halafu mutu moja akauliza: basi zingine umekula? Muhuri ya Abbé inadanganya, we ndiye unasema kweli? Baba wa Pulchérie alitema mate chini na akaenda. Hakufika mbali, basoda balikuwa banakuja. Balihesabu chuma mara mbili. Makumi tatu na mbili. Bakamuuliza zingine ziko wapi, akasema hazikuwako. Bakamufunga mikono, bakaenda naye.

Leo ni siku ya sita iko kwa cachot, amefungwa. Balichimba lupango lake lote, kiwanja cha nyumba, balichimba mpaka chini ya kitanda. Rosette anapeleka chakula, sahani inarudi, hakuna mutu anamuambia neno. Anasema siku ile bwana yake anaandika barua ya kwanza, alimuomba: andika kumi na sita, kama batu bote. Akakataa. Akasema: daraja haiko gunia ya mihogo. Batu bane bamesha kufa juu ya hesabu yangu, hii nitaandika vile iko.

Kumbe alikuwa anaandika kweli, Nadège! Mutu moja tu katika Baraka yote, na siye tukamufanya muongo. Mi nimelia mpaka macho imefura. We uliandika ile namba, we uifute.

Georgette


Bujumbura, 10 Aprili 2003

Kwa Bwana Kamanda, Baraka

Bwana Kamanda,

Mimi niliyeweka sahihi hapa chini ndiye niliyechora plani ya daraja la miguu la Mutambala. Plani hiyo ina kosa, na kosa ni langu peke yangu. Fundi Casimir Wilondja aliniandikia kwamba ana vyuma thelathini na viwili. Sikumwamini. Nikaandika sitini na vinne bila kumuuliza. Vyuma thelathini na viwili mnavyomdai havijawahi kuwa mikononi mwake.

Nakuomba kwa heshima umwachie huru. Akibaki na kosa lolote la kujibu, niitwe mimi nije kulijibu.

Nadège Uwamwiza, ingénieur,
mzaliwa wa Minembwe


Bujumbura, 2 Mei 2003

Papa Casimir,

Sijui barua hii itakukuta wapi. Mama Georgette anasema huenda wamekuachia, hana hakika. Naandika hivyo hivyo.

Uliniandikia ukweli mara tatu, nami mara mbili nikautafutia maana nyingine. Mara ya kwanza nilidhani wewe ni mwizi. Mara ya pili nilidhani wewe ni mwerevu. Nilikuwa tayari kukuamini kwa lolote isipokuwa lile ulilosema. Na ile siku vyuma vilipotoka kijani nilifurahi, Papa. Nilifurahi! Hiyo ndiyo inayonitafuna. Mashine haikukosea hata siku moja, ilijibu kile nilichoiuliza. Mimi niliiuliza habari za daraja ambalo halipo.

Na nilikuficha jina kwa sababu niliogopa ungekataa kazi yangu kabla ya kuiona. Ng'ombe niliwauliza kwa sababu kanuni inataka, hilo lilikuwa kweli. Lakini si lote. Baba yangu alikuwa akishuka na ng'ombe wake njia hiyo kabla ya vita, na alikuwa na rafiki huko Fizi aliyemkaribisha kila kiangazi. Nilitamani siku moja apite tena. Ulinishuku, na hukukosea sana.

Sasa kazi. Nimerudi kwenye vyuma thelathini na viwili, kimoja kimoja, milimita sita, kama ulivyoandika. Badala ya kuongeza chuma nimepunguza njia. Ukijenga nguzo ya mawe na saruji katikati ya mto, chini ya kiungo cha nne, kila upande utabaki mita tisa. Vyote vinapita. Kibaya kuliko vyote kina 0.93, watu thelathini kwa mara moja. Ng'ombe nimewatoa, ili pasiwe na mtu wa kusema neno. Plani ya nguzo naituma na barua hii, bado bila muhuri.

Nakuuliza kitu kimoja tu kabla sijapiga muhuri: walipokukamata, askari walichukua vyuma vingapi? Vimebaki vingapi? Namba yoyote utakayoandika, ndiyo nitakayoingiza.

Nadège Uwamwiza


Baraka, 22 Juni 2003

Kwa Nadège Uwamwiza

Niko muzima. Barua hii anaandika Rosette, mi ninasema, juu vidole viwili vya mukono wa kuume havishiki tena kalamu. Nyundo nimejifunza kushika na kushoto.

Barua yako kwa kamanda ilifika. Aliisoma mbele yangu, akacheka, akasema: ata huyu anaandika nusu. Halafu akaona Minembwe, akaacha kucheka. Akaniuliza we na yule mwanamuke mulipanga nini? Mutu wa kule juu atajitia kwa shida ya Mubembe wa huku chini bure? Nilimujibu sijui, na kweli sikujua. Nilikaa siku kumi na saba. Baliniachia juu hakukubaki mahali pa kuchimba.

Unasema mashine haikukosea. Ni vizuri kwa mashine. Mi nilikukasirikia, Nadège, nikakukasirikia kule ndani kuliko nilivyowakasirikia benye kunipiga. Bao balinipiga bila kunijua. We nilikuandikia vile niko.

Nilipotoka batu balikuwa bananipita mbali. Saruji ilikuwa imefika, imelala kwa parokia. Plani yako ya nguzo ilipokuja nikaisoma na jicho moja. Nikachukua kamba, nikaingia mayini na Rosette, nikapima mi mwenyewe. Mita tisa na mita tisa. Nikaanza kubeba mawe. Siku ya ine baba wa Pulchérie alikuja, akasimama kwa ukingo saa mingi. Akasema: siku ile balikubeba mabegani, ungelinyamaza tu tungelijenga. Nikasema ndiyo. Akasema: na tungelikufa. Nikasema ndiyo. Akavua viatu. Kesho yake balikuja bengine, na mawe yao.

Daraja limesimama tangu juma mbili. Siku ya kwanza hakuna mutu alitaka kupita. Nikasema nitasimama chini yake, mayini, karibu na nguzo, bote bapite juu ya kichwa yangu. Nikashuka. Dada yangu, mama wa Pulchérie, akatangulia. Hakuniangalia, alishika tu chuma na mukono, akaenda mbele polepole mpaka ng'ambo, akaketi chini, akalia. Na mi kule chini nililia, mayi ilinisaidia kuficha. Halafu bakaja bote, na mimi ninapiga kelele: makumi tatu, ingojeni! Banatukana, lakini banangoja.

Kwa ng'ombe: baba wa Pulchérie ndiye alisema, haiko mi. Aliuliza kama litabeba. Nikamuambia ingénieur ametoa ng'ombe. Akasema kwa nini? Nani alimuambia kutoa? Basi uzirudishe kwa hesabu, uone zinapita ngapi, na uandike kwa ubao wa kusimikwa pale, batu bajue.

Umeniuliza chuma zilibaki ngapi. Sikuandikii. Usikasirike. Namba ile niliiandika mara tatu kwa mukono uliokuwa muzima, na mara mbili haukuitaka. Sasa unasema utaamini yoyote nitakayoandika, na hiyo nayo haiko kuamini, ni kunionea huruma. Kuja. Upande juu yake, uhesabu chuma kwa chuma na macho yako, ushike kila bolti, useme mbele ya batu umekuta nini. Ukikuta nimekosa, tutabomoa.

Boti ya Georgette inatoka Uvira siku ya ine ya juma. Rosette amesema utalala kwetu. Na hapo kwa barrière, bakiuliza we ni nani na unakuja kwa nani, usijibu kitu. Nitakuwa nimesimama pale tangu asubuhi, nitajibu mi.

Casimir Wilondja